Herufi Iliyogeuka

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi endelea nayo, ila sikio moja nipe mimi. Leo tunamkumbuka Kaanaeli Sumari, fundi wa kuchapa, mzaliwa wa Nkoaranga, huku kwetu Meru. Alifariki Alhamisi iliyopita akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Jana tulimzika. Narudia kwa ajili ya waliochelewa kufungua redio: Kaanaeli Sumari, fundi wa kuchapa, wa Nkoaranga.

Jina lake huenda hulijui. Lakini kama babu yako alitembea mitaa ya Arusha enzi za Mwingereza, kazi ya mikono ya mtu huyu aliiona kwa macho yake. Aliiona kwenye mlango wa sinema, kwenye ukuta wa sokoni, kwenye kadi ya harusi. Ni zile herufi nene, nyeusi, zilizochongwa kwa duara, mraba na pembetatu, zenye mstari mmoja mweupe unaopita katikati kama mfereji shambani. Leo mtu akiziona husema ni mtindo wa zamani, wa enzi za gramafoni. Wakati ule watu waliziita herufi za mlima.

Ningependa kuwasimulia habari zake kwa kumsifu tu, kama tulivyozoea. Marehemu mwenyewe amekataa. Wiki tatu kabla ya kufariki aliandika barua kuja hapa kituoni, kurasa sita, kwa mkono wake unaotetemeka. Mkewe, Bibi Aika, aliileta mwenyewe akiwa ameifunga kwenye kanga. Sentensi ya kwanza inasema: "Nikifa msiseme nilikuwa mtu mwema, semeni nilichofanya." Na mwishoni mwa barua ameomba jambo moja. Nitalifikia, msiwe na haraka.

Basi nitasema alichofanya.

Kaanaeli alijifunza useremala misheni, akiwa kijana. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha aliteremka mjini, akaajiriwa na Bwana Jitendra, mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa nyuma ya maduka ya nguo. Mtambo ulikuwa mmoja, wa kukanyaga kwa mguu. Herufi ndogo, za madini ya risasi, zilikuwepo za kutosha. Herufi kubwa za matangazo hazikuwepo. Zile za mbao zilizotoka Ulaya zilikuwa zimeliwa na mchwa, na meli zilikuwa haba.

Siku moja Bi Nirmala, mke wa Bwana Jitendra, alimletea Kaanaeli chai na biskuti kutoka kwenye bati. Biskuti hakuzigusa. Aliliangalia lile bati. Lilikuwa na maandishi makubwa, ya duara na pembe, yaliyoshiba wino.

"Unataka bati au biskuti?" Bi Nirmala alimuuliza.

"Bati, mama."

Alirudi Nkoaranga na bati tupu mkononi. Akaangusha tawi nene la mringaringa, mti ule ule tunaochongea mizinga ya nyuki. Akakata vibao, akavisugua mpaka vikawa laini kama shavu la mtoto, akavipaka mafuta ya nyonyo. Kisha akachukua bikari ya useremala, akaanza kuchora. A yake ilikuwa pembetatu tupu, haina kijiti cha katikati, ina ule mstari mweupe tu, kama wingu linalokaa kiunoni mwa Meru asubuhi. H yake ilikuwa nguzo mbili zilizoshikana kwa duara. Na M yake ilikuwa pembetatu mbili, bega kwa bega.

Hapo ndipo alipopata akili ya kubana mbao. Kibao cha M ukikigeuza, miguu juu kichwa chini, kinakuwa W. Kwa nini achonge viwili? Kibao kimoja, kazi mbili. Ili asijichanganye, akachimba alama ndogo pembeni, kama kovu la ndui. Alama ikiwa chini, hiyo ni M. Alama ikiwa juu, hiyo ni W.

Bwana Jitendra alipoona chapa ya kwanza alivua miwani, akaivaa tena.

"Kaanaeli, wewe fundi ya mbao au fundi ya macho?" akasema. Siku hiyo alifunga kiwanda mapema, akanunua pipi kwa mtaa mzima.

Wasikilizaji wapendwa, fahari ni tamu jamani. Watu walitoka Moshi kuja kuagiza herufi za mlima. Kaanaeli alianza kutembea mjini kifua mbele. Bibi Aika ananiambia wakati wa uchumba wao walikuwa hawapiti ukuta hata mmoja bila kusimama. "Tukienda sokoni kununua chumvi tunarudi jioni," anasema. "Kila tangazo lazima alisome mpaka mwisho, na ameliandika yeye!"

Sasa sogeeni karibu. Tunafika mwaka 1952, mwezi wa Januari.

Wazee mnaukumbuka wakati ule. Miezi miwili tu kabla yake, upande wa pili wa mlima, kule Engare Nanyuki, serikali ya Mwingereza ilikuwa imewahamisha Wameru kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto. Huku kwetu kila mtu alikuwa na ndugu aliyekuja na godoro kichwani. Neno moja lilikuwa limewakaa watu rohoni kuliko maneno yote, nalo ni neno hama. Mbwa akibweka, mtu anatoka nje kuangalia kama wamekuja kumwambia ahame.

Katika mwezi huo huo wa Januari, chama kimoja kidogo cha wakulima wa kahawa kilitaka kuwapongeza wakulima wake saba waliotoa kahawa safi kuliko wote. Karani wa chama, kijana mmoja jina lake Lomayani, alikuja kwa Bwana Jitendra na karatasi. Alitaka tangazo lenye neno moja kubwa juu, neno HAWA. Chini yake, kwa herufi ndogo za risasi, maelezo. Kisha majina saba.

Neno ni HAWA. H, A, W, A. Lishikeni hilo.

Mchapaji hupanga maneno kinyume, kama unavyojiona kwenye kioo. Ndiyo maana kuna kazi inaitwa prufu: unachapa karatasi moja ya majaribio, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole. Kiwandani kwa Bwana Jitendra haikutoka kazi bila prufu. Siku ile Bwana Jitendra aliuliza, "Prufu iko wapi?"

Kaanaeli akacheka. "Ya nini, Bwana Jitendra? Neno moja tu. Herufi hizi nazijua kuliko vidole vyangu."

Zile herufi za neno lile hazina kulia wala kushoto. Zisome kwenye kioo, zisome bila kioo, ni zile zile. Na ile alama pembeni mwa kibao, baada ya miaka mitano ya wino, ilikuwa imejaa na kuziba. Kaanaeli alikuwa ameliona hilo zamani. Kila wiki alisema ataichimba alama upya, na kila wiki hakuichimba.

Zikachapwa karatasi hamsini. Lomayani akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa baiskeli, akaondoka zake.

Ya kwanza aliipigilia kwenye banda la kupimia kahawa, njia ya kwenda Momela. Msimu ulikuwa umekwisha, banda limefungwa, na wapitaji walikuwa wachache. Aliipigilia kwa haraka, bila kuisoma. Yeye alikuwa ameiandika mwenyewe, aisome ya nini? Kituo cha pili alikutana na mwalimu wa shule. Mwalimu akaitazama karatasi.

"Lomayani," akasema, "unamfukuza nani?"

Juu ya karatasi, kwa herufi za mlima, nene na nyeusi, paliandikwa HAMA.

Kibao kilikuwa kimegeuka. Pembetatu zote zilikuwa zimeelekea juu, A, M, A, safu ya vilele. Nasema tena ili tuelewane: ilitakiwa HAWA, ikachapwa HAMA. Na chini yake majina saba ya watu.

Lomayani alirudi mjini anahema kama ng'ombe wa jembe. Alizimwaga zile arobaini na tisa juu ya meza. Kaanaeli akaangalia. Akageuza kibao, akachapa nyingine hamsini, safari hii kwa prufu. Zile mbovu akazichoma jikoni kwa Bi Nirmala. Lomayani akaondoka na arobaini na tisa mpya.

"Na ile ya njia ya Momela?" aliuliza kabla ya kupanda baiskeli.

"Niachie mimi," Kaanaeli akajibu. "Jumamosi nakwenda huko. Nitaibadilisha mwenyewe."

Ilikuwa Jumatano. Angeweza kumwambia Lomayani arudi siku ile ile. Hakumwambia, na kwenye barua ametoa sababu bila kujitetea. Aliogopa kwamba Lomayani akirudi, wakulima watamwuliza, naye atasema, na mtaa mzima utacheka kwamba fundi wa herufi za mlima hajui M na W. Aliogopa kuchekwa, basi. Lomayani alimwamini, hakuuliza tena.

Sasa nimlete Mama Hanna. Hanna alikuwa mjane wa marehemu Thomasi. Alikaa juu kidogo ya lile banda, yeye na binti yake Penina, peke yao, kwenye shamba lililopakana na waya wa mlowezi mmoja. Alikuwa na miti ya kahawa zaidi ya mia mbili, aliyoipalilia kwa mkono na kuimwagia samadi ya mbuzi kila mti. Kusoma alijifunza kidogo kwenye mafundisho ya ubatizo: herufi kubwa, na jina lake. Herufi ndogo za risasi zilikuwa kwake kama sisimizi.

Alhamisi asubuhi alipita bandani. Akasoma neno kubwa. H, A, M, A. Akashuka kidogo kwa macho, akaona jina la kwanza, akalisoma polepole kwa kidole. Hanna Thomasi.

Nilikwenda Kikwe juzi, kule chini tambarare, kumwona Penina. Sasa ni bibi wa miaka sabini na zaidi, anatembea na fimbo, lakini maneno yake yamenyooka. Alinisimulia hivi: "Mama alirudi na ile karatasi mkononi. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akasema, 'Penina, zamu yetu imefika.' Nikamwambia, mama, tumuulize mtu. Akasema, 'Nimuulize nani? Wa kule Engare Nanyuki waliuliza, wakachomewa na vyakula.' Kisha akachukua panga. Akasema, 'Wanihamishe, lakini jasho langu hawatalinywa.'"

Hanna alikata kahawa yake yote. Alikata Alhamisi kutwa, na Ijumaa mpaka adhuhuri, mti baada ya mti, mpaka kiganja kikachubuka. Penina alimshika mkono, mama akamsukuma. Ijumaa alasiri walijitwika vyungu na blanketi, mbuzi mmoja nyuma yao, wakashuka Kikwe kwa ndugu wa marehemu Thomasi.

Jumamosi Kaanaeli alifika.

Alifika na karatasi iliyo sahihi, imekunjwa ndani ya shati, nyundo mkononi. Kwenye banda alikuta misumari mitupu. Akanyanyua macho mlimani, akaona shamba lote limelala. Majani yalikuwa bado mabichi. Alipanda mpaka uani, akaita hodi mara tatu. Kuku mmoja aliyesahaulika akatoka chini ya ghala. Hapo akaelewa kila kitu, kwa sababu alikuwa mtoto wa mkulima wa kahawa, na alijua hakuna mtu anayefanya vile ila aliyeambiwa aondoke.

Wasikilizaji wapendwa, Kikwe haikuwa mbali. Kwa miguu ni safari ya mchana mmoja. Angeuliza njiani, angewakuta kabla jua halijazama, angesema, "Mama, rudi kwako, ni kosa langu." Maneno hayo tu.

Aliikunja ile karatasi sahihi, akairudisha ndani ya shati, akashuka kwenda nyumbani kwake.

Mimi nimeisoma sehemu hiyo ya barua mara nyingi, na kila mara nasikia hasira, kisha najiuliza nina hasira na nani. Maana kosa la kibao lilikuwa la dakika moja. Hili la kunyamaza lilikuwa la kila siku, anaamka nalo.

Na bado nafasi ilikuwepo. Kahawa ukiikata haifi. Masika yalipoanza, Kaanaeli alipanda tena kule juu, kwa siri, kama mwizi. Alikuta visiki vimechipua. Kila kisiki kina vichipukizi viwili, vitatu, vyenye afya, urefu wa shubiri. Miaka miwili tu, mitatu, mama yule angevuna tena. Alichuchumaa, akakishika kimoja. Mchunga mbuzi mmoja, mzee Koikai, alimwona.

"Unamtafuta Hanna? Yuko Kikwe," mzee akasema. "Wanasema serikali imemhamisha. Ajabu, mimi hapa hawajanigusa."

"Ajabu kweli," Kaanaeli akajibu.

Hayo ndiyo maneno aliyoyajutia kuliko yote. Kwenye barua ameyapigia mstari: *Ajabu kweli.*

Mwaka uliofuata, yule mlowezi aliona shamba halina mwenyewe, akasogeza waya wake. Vichipukizi vya Hanna vikawa ndani ya ua wa mtu mwingine. Kuanzia hapo, hata kama Kaanaeli angesema, hapakuwa tena na pa kurudi.

Tangu siku ile hakutumia tena kile kibao. Wateja waliendelea kuja kuomba herufi za mlima. Aliwaambia zimepasuka. Bwana Jitendra alimwangalia kwa pembeni. Kadi za harusi zikachapwa kwa herufi za kawaida, matangazo ya sinema yakachapwa kwa herufi za kawaida. Bibi Aika anasema, "Alikuwa hasimami tena kwenye kuta. Anapita kama anadaiwa. Nikadhani ana mwanamke mwingine. Laiti angekuwa na mwanamke mwingine!"

Miaka tisa ikapita namna hiyo.

Ikaja 1961, mwezi wa Septemba. Mwingereza alikuwa anafunga mizigo yake. Mji mzima wa Arusha ulitaka matangazo, makubwa, ya kusherehekea. Kikundi cha ngoma kikaja kwa Bwana Jitendra, kikataka tangazo linaloanza na neno WANANCHI, na kikataka herufi za mlima, si nyingine.

"Zimepasuka," Kaanaeli akasema.

Bwana Jitendra alikuwa amezeeka. Alivuta droo ya chini kabisa, akatoa kile kibao, akakipangusa kwa kanzu. Kilikuwa kizima kabisa.

"Miaka tisa herufi hii inapasuka," akasema taratibu. "Siku ile karatasi moja mbovu ilianguka chini ya mtambo. Mimi iliona. Mimi ilisoma, halafu ilisikia yule mama wa jina la kwanza amehama. Nikangoja wewe useme."

"Kwa nini hukuniuliza, Bwana Jitendra?"

"Na mimi iliogopa. Jina la duka iko juu ya kila karatasi." Akamwekea kibao mkononi. "Kaanaeli, watu wanataka kuchapa uhuru. Wewe kwanza nenda."

Alikwenda siku hiyo hiyo, na kibao mfukoni. Njia nzima alijipanga. Atasema shikamoo, atasema jina lake, atasema kosa, atapiga magoti. Alifika Kikwe mchana. Mama Hanna alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nywele zilikuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Mimi ni Kaanaeli, wa kwa Sumari, Nkoaranga. Nafanya kazi ya kuchapa mjini."

Uso wa mama ukafunguka. "Wa kuchapa! Basi wewe unasoma vizuri. Kaa hapo. Kaa, kaa! Penina, mletee mgeni kigoda."

Kabla Kaanaeli hajafungua mdomo, mama ameshaingia ndani, ametoka na kopo la majani ya chai. Ndani ya kopo kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Hii ndiyo iliyonitoa kwangu," akasema. "Nimeitunza kwa sababu ina jina langu. Nisomee hivi vidogo. Penina hajui kusoma, na miaka yote naona haya kumpa mtu mwingine. Nataka kujua niliwakosea nini."

Wasikilizaji wapendwa, mtu alikuja kusema, akapewa kusoma. Karatasi ilikuwa mikononi mwake, kazi yake mwenyewe, wino bado mweusi vizuri. Akasoma.

"Neno la juu limekosewa, mama. Ilitakiwa liwe *hawa*. Halafu inasema: 'Hawa ndio wakulima waliotoa kahawa safi kuliko wote katika msimu uliokwisha.' Kisha majina. La kwanza ni lako."

Mama Hanna aliacha kupukuchua.

"Rudia."

Akarudia.

"Kwa hiyo hapakuwa na amri?"

"Hapakuwa, mama."

"Sikufukuzwa?"

"Hukufukuzwa."

"Walikuwa wananisifu."

"Walikuwa wanakusifu." Akatoa kibao mfukoni, akakigeuza mbele yake, M, kisha W, kisha M. "Ni mimi. Nilikiweka kichwa chini. Ni kosa langu mimi."

Mama alikitazama kibao. Kisha akauliza swali ambalo Kaanaeli alilikimbia miaka tisa.

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema jana. Penina alikuwa amesimama nyuma yake, anakumbuka kwamba shingo ya mgeni ilikuwa inatoka jasho na kivuli kipo.

"Siku ya tatu," akasema. "Jumamosi ile ile."

"Na miti? Ilichipua?"

"Ilichipua, mama."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Panga nilishika mwenyewe," Mama Hanna akasema. "Hilo sikulaumu sana, karatasi hugeuka. Lakini masika yale uliona kahawa yangu inachipua, ukaenda kula chakula chako."

Kaanaeli alipiga magoti. Mama hakumwambia ainuke. Alinyoosha mkono.

"Nipe hicho kibao."

Akampa. Mama akaenda mlangoni. Mlango wa nyumba yake ulikuwa una tabia ya kujifunga kwa upepo. Alikichomeka kibao chini yake, akakipiga kwa kisigino mpaka kikakaza.

"Kikae hapo," akasema. "Kisigeuke tena."

Kisha akarudi kwenye mahindi yake. "Penina, mletee chai."

Tangu mwaka ule, kila Januari, Kaanaeli alikwenda Kikwe. Alipalilia, alitengeneza paa, alipeleka miche ya kahawa, ingawa kule chini kahawa haikustawi kama mlimani. Kila akifika alipita juu ya kile kibao mlangoni, na kila mara alipewa chai. Bwana Jitendra naye, kabla hajafariki, alikwenda mara moja, akakaa kwenye kigoda kile kile, akaomba radhi. Nilimuuliza Penina kama mama yake alisamehe. 

"Mama hakuwahi kusema amesamehe," alijibu. "Hakuwahi kusema hapana. Alikuwa anasema mletee chai. Mimi pia nilikuwa nampa chai. Sijui zaidi ya hapo."

Mama Hanna alifariki miaka ishirini iliyopita. Herufi za mlima hazikuchapwa tena. Kaanaeli mwenyewe alivitia moto vibao vilivyobaki. Kimebaki kile kimoja, chini ya mlango, Kikwe. Nimekiona. Nilitaka kukivuta nikitazame vizuri, Penina akanikataza.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Bibi Aika, kwa watoto na wajukuu, na kwa ukoo wote wa Sumari. Pole kwa Kishor na nduguze, wana wa marehemu Bwana Jitendra, waliokuja jana makaburini na kusimama na sisi mpaka mwisho. Na pole kwako Bibi Penina. Najua umekaa karibu na redio, nilikuomba hivyo.

Na wewe unayenisikiliza, nikuulize kwa upole. Je, yuko mtu anayekaa mahali pasipo pake kwa sababu ya neno ulilolificha wewe? Usingoje kuandika barua ya kurasa sita. Kama ana simu mpigie, kama hana, vaa viatu.

Sasa lile ombi. Kaanaeli ameandika hivi: "Siku ile kwa Mama Hanna sikumsomea tangazo lote. Mstari wa mwisho ulinishinda, nikaukunja na karatasi. Miaka yote niliyokwenda Kikwe, sikuusoma. Naomba nyinyi mlisome lote, kama lilivyotakiwa kuwa." Ndani ya bahasha ameweka ile karatasi sahihi, ile aliyoirudisha ndani ya shati Jumamosi ile. Ninayo hapa mezani. Wino wake haujafifia. Nami huku redioni sina vibao, nina sauti tu. Nalisoma.

HAWA.

Hawa ndio wakulima waliotoa kahawa safi kuliko wote katika msimu uliokwisha. Majina ni saba. La kwanza ni Hanna Thomasi, wa njia ya Momela. Narudia kwa waliochelewa: Hanna Thomasi, wa njia ya Momela.

Na mstari wa mwisho unasema: Chama kinawashukuru hawa, na kinawaomba wabaki katika mashamba yao.